Aurora ya Norway inasukumwa na nini?

Mgeni_wa_Nala:
Mbukwenyi wakuu. Binamu yangu anasoma Tromsø, katuma video za aurora, ile mianga ya rangi inayowaka angani usiku. Jioni kulikuwa na mistari ya kijani imetulia, inasogea kuelekea magharibi. Alfajiri yamebaki madoa madoa, nayo yanakwenda mashariki. Ni upepo? Na sisi Dodoma tutaiona lini?

Mpima_Ihumwa:
Mkuu, upepo huu unaotulisha vumbi haufiki kule. Ule mwanga wa kijani uko kilomita 100 hadi 150 juu. Ni oksijeni inayogongwa na elektroni zinazoshuka kwa kufuata mistari ya sumaku ya dunia. Huko juu sehemu ya hewa imeshakuwa plazma, yaani gesi yenye chembe za umeme, na plazma inaburutwa na umeme na sumaku.

Chanzo ni jua. Upepo wa jua, yaani plazma inayomiminika kutoka kwenye jua, ukija na sumaku iliyoelekea kusini, unashikana na sumaku ya dunia upande wa mchana na kuiburuta kupitia juu ya ncha hadi upande wa usiku. Mwingereza James Dungey alilieleza hilo mwaka 1961. Sasa, plazma iliyokwenda usiku lazima irudi mchana, na inarudi kwa pembeni, palepale kwenye ukanda wa aurora. Ndiyo maana kuna mizunguko miwili: wa jioni unarudi kwa kwenda magharibi, wa asubuhi kwa kwenda mashariki. Binamu yako kaona dalili za yote miwili.

Kasi ni mita mia kadhaa kwa sekunde. Kwa mita 500, Dodoma hadi Morogoro hufikishi dakika 10. SGR ikae pembeni!

Ila usidhani mkondo wa plazma ndio mwanga. Mkondo hauonekani kwa macho, unapimwa kwa rada. Pale plazma inapopishana, huku inakwenda hivi na jirani yake kinyume, umeme unaweza kupanda kutoka hapo kwenda angani, maana yake elektroni zinashuka kwa nguvu. Mstari unawaka hapo.

Mama_Makole:
Asante mwanangu. Lakini la Dodoma umeliruka.

Mpima_Ihumwa:
Shikamoo mama. Tusidanganyane, tuko nyuzi 6 tu kusini mwa ikweta. Dhoruba ya sumaku ya Mei 2024, iliyoletwa na jua, ilikuwa kubwa mno, watu wakapiga picha Afrika Kusini na Namibia, na walichopata zaidi ni wekundu. Nyekundu inawaka zaidi ya kilomita 200 juu, kwa hiyo inaonekana kutoka mbali. Hapa kwetu haikufika.

Vituko vya plazma tunavyo vingine. Jua likizama, hasa Machi na Septemba, mapovu yenye plazma haba yanapanda juu ya ikweta ya sumaku, ile inayopita Ethiopia, na kuvuruga mawimbi ya satelaiti hadi huku. Mimi napima viwanja: rova, kile kipokezi cha satelaiti cha kupimia, inagoma kufiksi (kushika nafasi kamili) usiku na mteja kashika tochi. Miezi hiyo kazi za kumalizia nazifanya alasiri.

Mgeni_wa_Nala:
Kumbe! Fundi wangu alisingizia betri.