Mwajiri kanichezea miezi, sasa nafukuzwa na kalenda

Jamani, huu uzi nauandika nikiwa na hasira. Anayetaka maneno ya adabu apite tu, tutaonana kwingine.

Niko Texas, mhandisi wa mifumo ya kompyuta, kwa viza ya kazi ya H-1B tangu tarehe 1 Oktoba 2020. Viza hii ukomo wake ni miaka sita. Ukitaka mwaka wa saba moja kwa moja, kwa kawaida sharti ombi la PERM liwe limewasilishwa siku 365 kabla ya miaka sita kwisha. PERM ndiyo hatua ya kwanza ya green card (kibali cha ukazi wa kudumu), ile ya Wizara ya Kazi ya Marekani kuridhika kwamba hakupatikana Mmarekani wa kuifanya kazi yako. Kwangu mimi siku ya mwisho ilikuwa tarehe 30 Septemba 2025. Kampuni imewasilisha tarehe 11 Desemba.

Wamechelewa siku 72! Kweli uhamiaji wanarudisha siku ulizokuwa nje ya nchi, lakini mimi ninazo 19 tu, za matanga ya baba Mombasa.

Na si kwamba sikusema. Nimeanza kuuliza mwaka 2022. "Tutaanza robo ijayo." Robo ikazaa robo. Mara bajeti haijapita, mara dada wa rasilimali watu yuko likizo ya uzazi, mara meneja mpya anataka anijue kwanza, na huyo ni meneja wa tatu. Machi 2025 ndipo wakaomba wizarani kiwango cha mshahara wa soko, ambacho bila hicho ombi haliendi. Jibu likaja Agosti. Hapo bado matangazo ya gazetini Jumapili mbili, bado siku 30 kwenye ofisi ya ajira ya jimbo, bado siku 30 nyingine za kungoja. Mtoto wa darasa la nne angepiga hesabu akaona hatufiki.

Sasa wakili anasingizia kwamba serikali ilifungwa na mfumo wa wizara ukazimwa Oktoba nzima. Bwana wee, serikali ilifungwa tarehe 1 Oktoba, siku yangu ilishapita jana yake! Nilipombana akanijibu kwa upole kabisa kwamba yeye ni wakili wa kampuni.

Lakini mimi nilipotakiwa barua ya uzoefu kutoka kazi yangu ya zamani Nairobi, nilipewa siku kumi, na vitisho juu. Ofisi zetu nazo mnazijua. Wakaniandikia mstari mmoja: nilikuwa mfanyakazi mwema, wananitakia kila la heri. Wakili anataka kazi moja moja niliyofanya, saa kwa wiki, tarehe ya kuanza na ya kuacha. Binamu yangu akaenda kukaa mapokezi pale siku mbili mpaka ikaandikwa upya na kupigwa muhuri. Siku ya saba barua ilikuwa mezani kwa wakili.

Halafu notisi ya kwamba kazi yangu inaombewa PERM. Sheria inataka ibandikwe kazini siku kumi za kazi, na mshahara umeandikwa. Wakaibandika jikoni, pembeni ya maikrowevu. Nikawa napasha wali wangu huku wenzangu wanasoma mshahara wangu na kucheka. Hilo ningelimeza, kama lingefanyika mwaka mmoja nyuma.

Lisilomezeka ni hili. Tangu 2023 walinikata dola 300 kwa mwezi, miezi 20, "gharama za PERM". Dola 6,000, wakati hawajaandika hata herufi moja! Nilisaini, nikidhani ndiyo kawaida. Wiki iliyopita ndipo nimejua kwamba tangu Julai 2007 kanuni zinamkataza mwajiri kumtoza mfanyakazi gharama za PERM, hata za wakili. Wanajua vizuri, maana nilipouliza kwa barua pepe nilipigiwa simu. Hakuna aliyetaka kuandika.

Mnaotaka kuniambia "rudi nyumbani ukae kidogo, utarudi tena", subirini. Septemba 2025 rais alitoa agizo kwamba mwajiri anayemwombea H-1B mpya mtu aliye nje alipe dola 100,000. Hawa walionikata 300 kwa mwezi ndio watanilipia laki moja? Nikihamia kampuni nyingine, PERM inaanza upya na miezi imekwisha. Mke wangu, mhasibu mwenye shahada, mwaka wa tano huu yuko nyumbani, kwa sababu kwa kawaida haruhusiwi kufanya kazi mpaka I-140 yangu ipite (ombi la mwajiri kwa uhamiaji linalofuata baada ya PERM), na I-140 haiendi bila PERM.

Kwa hiyo ushauri wa subira sitaki, ninao wa kutosha kutoka kwa mama. Nataka mtu aliyewahi kudai akarudishiwa makato ya PERM. Ulishtaki ukiwa bado kazini au ulingoja utoke? Stabadhi zote 20 za mshahara ninazo, na picha ya ile notisi pia.