Tupeane uzoefu: kibodi ya geming yenye taa, mkono wako unajuaje kwamba ni imara?

Vidole Kumi (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za muda.

Mijadala mingi ya kibodi za geming inaishia kwenye rangi. Mtu anaweka picha, chumba giza, kibodi inawaka rangi zote, wachangiaji wanasema "kali sana mkuu", uzi umekwisha. Jinsi inavyojisikia chini ya vidole hakuna anayegusia. Naomba huu uwe tofauti. Yaliyochapishwa kwenye boksi kila mtu atayasoma mwenyewe. Hapa tupeane kile ambacho mkono na sikio vilikwambia, siku ulipoigusa na baada ya kuizoea.

Naanza mimi. Jambo la kwanza ni kuzima taa, maana zikiwaka jicho linashiba na mkono hausikilizwi tena. Kisha naenda moja kwa moja kwenye vitufe virefu: spesi, enta, bakspesi na shifti ya kushoto. Kitufe kifupi kinakaa juu ya swichi moja, kile kidude cha chini kinachohisi mbonyezo, na hakina pa kuyumbia sana, ndiyo maana hata kibodi ya ovyo inaweza kuwa na G nzuri kabisa. Kitufe kirefu kinahitaji stebilaiza, kile kiwaya cha chuma kinachoshika ncha zake mbili ili zishuke pamoja. Hapo ndipo mtengenezaji aliyebana matumizi anapoumbuka. Nabonyeza spesi ncha ya kushoto, halafu ya kulia, halafu katikati. Ikitoa milio mitatu tofauti, au ncha moja ikisita kurudi juu, basi najua na kwingine walilipua.

Hii ninayoandikia sasa niliichagua kwa spesi yake. Taa zake ni nyeupe tu, hazichezi wala hazizunguki, na sijawahi kuzikosa hizo nyingine. Karibuni.

Mpiga Kona

Zima taa, fumba macho, piga spesi. Mengine mapambo.

Macho Makavu

Mapambo kwako, Mpiga Kona. Sisi tunaocheza gizani bila taa hatuioni hata namba moja, kwa hiyo taa kwetu ni sehemu ya ubora na inapimwa sawasawa na swichi.

Nikishika kibodi mpya naiweka rangi nyeupe kote. Ule mzunguko wa rangi unaokuja nao kutoka kiwandani unaficha kila kitu, jicho halipati nafasi ya kulinganisha. Nyeupe ya RGB inapatikana kwa kuchanganya nyekundu, kijani na buluu, hivyo taa zisizolingana zinajianika zenyewe: kona hii inaelekea pinki, ile inaelekea buluu. Baada ya hapo nashusha mwanga hadi kiwango cha chini kabisa. Niliwahi kuwa na moja ambayo kiwango cha kwanza hakionekani na cha pili kinachoma macho. Hapo katikati, ambapo ndipo mtu anapotaka kukaa usiku, hapakuwa na kitu.

Herufi ziangalie ukiwa umekaa unavyokaa ukicheza, usiiinamie. Taa ya LED kwa kawaida haikai katikati ya swichi, kwa sababu katikati pana kile kikonyo kinachobeba kifuniko cha kitufe. Inakaa upande mmoja. Ikiwa upande wa juu, ule wa kuelekea skrini, herufi iliyochorwa juu inang'aa vizuri, lakini alama iliyochorwa chini yake inafifia. Kibodi yangu iliyopita alama za pili zote zilikuwa chini. Mchana safi, usiku nabahatisha.

Halafu kuna rangi kubanduka, na hili ndilo lililonikera kuliko yote. Vifuniko vingi vya bei ya chini ni plastiki inayopitisha mwanga, imepakwa rangi nyeusi, kisha leza ikachoma ile rangi ili herufi ionekane. Kidole kikisugua muda mrefu rangi inaondoka na mwanga unavuja. Kwangu ilianza W, A, S na D, vile vitufe vya kutembea mchezoni, na ile S mwishoni haikuwa herufi tena, lilikuwa doa linalowaka. Niliyonayo sasa vifuniko vyake vimemiminwa kwa plastiki mbili, herufi ni plastiki iliyopenya hadi ndani, haiwezi kufutika mpaka kifuniko chenyewe kiishe. Ukiruhusiwa, chomoa kimoja ukigeuze. Ukiona plastiki mbili zimeshikana huko ndani, hiyo ndiyo. Ukiona ndani peupe kote na nje peusi, ni rangi ya kupaka, anza kuhesabu siku.

Fundi Nusu

Debe tupu haliachi kuvuma, na kibodi nyingi zenye taa ni debe. Mimi nimezifungua, zangu na za marafiki, kwa hiyo niruhusuni niseme kwa kirefu.

Ile sauti ya uwazi unayosikia ukipiga haraka haitoki kwenye swichi. Inatoka kwenye nafasi kati ya bodi na kitako cha plastiki. Watengenezaji wanaojali wanajaza sponji pale. Wasiojali wanaacha hewa. Kuna na mlio mwingine mwembamba, unaendelea kidogo baada ya kidole kuondoka: hizo ni springi za ndani ya swichi zinazoimba. Ukiweka sikio karibu na kibodi ukapiga kitufe kimoja kimoja utazitambua, tena mara nyingi si zote, ni tano sita zilizotawanyika. Watu wa taa hawaisikii kwa sababu wanavaa hedifoni.

Sasa mwili. Ishike kwa pembe mbili zinazokabiliana uipinde taratibu kama unakamua kitambaa, bila kuua. Kupinda kidogo ni kawaida. Ikilalamika kwa kukwaruza, ujue maungio yake hayajabana. Kisha iweke mezani uibonyeze katikati kwa kidole gumba. Yenye bamba la chuma au alumini chini ya vitufe haitabonyea. Ya plastiki tupu inabonyea na unaisikia ukiwa unacheza, kidole kinafika mwisho halafu kila kitu kinaendelea kushuka. Ndugu yangu mmoja alidhani hiyo ndiyo "ulaini". Hapana, hiyo ni sakafu kuyumba.

Kuhusu kuyumba kwa vitufe: pitisha kiganja juu ya vitufe vyote pembeni pembeni, ukisikiliza. Kila swichi ya mtindo wa MX, ule wa kampuni ya Cherry, ina mchezo kidogo, usitegemee ukimya kamili. Unachotafuta ni usawa. Mstari mmoja ukigongana kuliko mingine, hao walichanganya mzigo.

Swichi zenyewe naona zinasifiwa kupita kiasi. Cherry wanataja mibonyezo milioni 100 kwa MX Red, na tangu hataza yao ilipoisha katikati ya miaka ya 2010 viwanda vingine, Gateron na Kailh wakiwemo, vinatoa swichi za umbo hilohilo, nyingine laini kuliko zile za asili. Lakini kibodi zilizonijia mezani hazikufa kwa sababu swichi zimemaliza milioni zao. Zilikufa waya ulipokatika pale unapoingilia, stebilaiza ilipovunjika kiguu, au soketi ya USB-C ilipolegea. Kwa hiyo chomeka waya, ushike uutikise polepole huku taa zikiwaka. Zikipepesa, irudishe ulipoitoa.

Ugonjwa wa swichi ninaoujua ni ule wa kuandika herufi mara mbili. Ndani kuna vipande viwili vya chuma vinavyogusana, na vikigusana vinadunda. Programu ya kibodi inasubiri milisekunde chache kabla ya kuamini kwamba umebonyeza. Chuma kikichakaa au kikiingia uchafu kinadunda muda mrefu kuliko subira hiyo, basi unaandika "ssawa". Kama bodi yako ina soketi za swichi unachomoa swichi na kuweka nyingine, dakika mbili. Kama imechomewa kwa risasi, tafuta pasi ya kuchomelea na mkono usiotetemeka. Mimi siku hizi sinunui isiyo na soketi hizo.

Na kabla ya kuitupa kibodi kwa sababu ya spesi inayogonga, paka grisi kidogo kwenye zile ncha za waya wa stebilaiza. Kidogo. Niliyoifanyia hivyo bado ipo na inanyamaza.

Ripoti za Kesho

Jamani nasi tusiocheza tupo. Kazi yangu ni kuandika, kutwa nzima, na nilichukua kibodi ya geming kwa sababu nilitaka swichi za mekanika, yaani kila kitufe na swichi yake ya springi, zenye taa.

Nilichojifunza ni kwamba kubonyeza vitufe vitatu vinne dukani hakukuambii chochote. Andika aya nzima. Swichi nyekundu, zinazoshuka moja kwa moja bila nundu, zinataka nguvu ya takriban gramu 45 na zinasajili ukifika milimita 2 kati ya 4. Kwa mchezaji hiyo ni raha. Mimi hupumzisha vidole juu ya vitufe ninapofikiri, na zile zilikuwa zinaandika peke yake, nikirudi nakuta "jjjjj" katikati ya sentensi ya bosi. Nikahamia za bluu, zenye mlio, takriban gramu 60. Vidole vilifurahi, wa dawati la jirani hakufurahi. Nimetulia kwenye za kahawia, zina kinundu kidogo na hazipigi kelele za makusudi. Kuna wanaosema kinundu chake hakisikiki kabisa. Mimi nakisikia.

Kitu kingine hakisemwi: kimo cha kibodi yenyewe kutoka mezani. Kibodi za mekanika nyingi ni nene, kiwiko kikiwa chini viganja vinapinda kwenda juu. Vile viguu vya nyuma vikifunguliwa vinazidisha. Mimi vyangu vimekunjwa siku zote, nimeongeza kilalio cha viganja, maumivu yakapungua.

Kimya Kimya

Mnaongea mekanika tupu. Soko limejaa kibodi za mpira zenye taa zinazoandikwa kwenye boksi kwamba zina "hisia ya mekanika". Maneno hayo maana yake si mekanika. Chomoa kifuniko, ukikuta kikombe cha mpira chini yake, umejua.

Ila mimi ninayo ya mpira na naitetea. Haina kelele, nimeimwagia maji ikaamka baada ya kukauka. Tatizo lake nililikuta kwenye mchezo: nikishika W na shifti na kubonyeza kitufe fulani cha jirani, hicho cha tatu hakisikiki. Vitufe vimepangwa kwenye gridi ya mistari na safu, na bila dayodi, kidude kinachopitisha umeme upande mmoja tu, kwenye kila kitufe, michanganyiko mingine bodi haiwezi kuitofautisha, inaamua kuinyamazia. Pimeni hilo kwa vitufe vyenu mnavyotumia kweli. Hata zile zinazosajili vitufe sita kwa pamoja mara nyingi zinatosha, ni nadra kubonyeza zaidi ya hapo kwa wakati mmoja.

Sumaku

Niko kwenye swichi za sumaku, hazina vyuma vinavyogusana, kihisi kinapima sumaku imeshuka kiasi gani, kwa hiyo ule ugonjwa wa Fundi Nusu wa "ssawa" haupo. Unachagua mwenyewe kitufe kisajili wapi. Utamu wake mkubwa ni kitufe kuachia mara tu kidole kinapoanza kupanda, kwenye michezo ya kulenga unalisikia. Ila baadhi ya vionjo vyake vimekwenda mbali hadi Valve, kampuni ya michezo ya kompyuta, mwaka 2024 wakapiga marufuku kwenye seva rasmi za mchezo wao wa Counter-Strike 2 ule ujanja wa kibodi kukusimamisha yenyewe unapobadili kutoka A kwenda D. Soma kanuni za mchezo wako.

Kwenye ubora wa mwili hazina msamaha. Niliwahi kushika moja yenye sumaku za kisasa na kitako chepesi cha ajabu. Pia jaribu hili: panga rangi na mipangilio, chomoa, ichomeke kwenye kompyuta nyingine isiyo na programu yake. Ikisahau kila kitu, ujue unamiliki nusu ya kibodi. Nusu nyingine ni ile programu, siku wakiacha kuihudumia shauri yako.

Mgeni Hapa

Wakuu, swali. Nikiinua ikawa nzito ndiyo imara? Na sisi tunaoagiza mtandaoni bila kugusa tufanyeje?

Fundi Nusu

Uzito ni dalili, si ushahidi. Bamba la chuma linaleta uzito, ni kweli. Lakini nimefungua moja nikakuta kipande cha chuma kimegundishwa kwenye kitako, hakishiki chochote, kazi yake ni kumfurahisha anayeiinua. Pinda na kubonyeza katikati ndiko kunakosema.

Vidole Kumi

Mgeni, karibu. Kwa mtandaoni tafuta video ambayo mtu anaandika bila muziki nyuma yake, usikilize spesi na enta dhidi ya herufi. Maikrofoni inaweza kupamba sauti yote, lakini tofauti kati ya kitufe kirefu na kifupi kwenye video hiyohiyo ni ngumu kuificha. Angalia kama wametaja aina ya plastiki ya vifuniko: ABS inang'aa mafuta mapema, PBT inakawia. Wasipotaja kabisa, mara nyingi ni ABS.

Ikifika, vipimo vyote vya humu vifanye siku hiyohiyo, ukianza na waya wa Fundi na nyeupe ya Macho Makavu, maana hayo mawili ndiyo rahisi kumwonyesha muuzaji kwa video akikataa kuipokea.

Mpiga Kona

Na boksi usilitupe kwanza.