Mjadala: Watu wa kujitolea wanaopima ufukwe, data zao ziingie kwenye maamuzi rasmi au ziishie kabatini?

Mleta mada:
Wakuu heshima kwenu. Hili jambo limenikaa kichwani muda sasa naona nilimwage hapa. Kuna watu wanatembea kipande kilekile cha ufukwe wa bahari kila mwezi, wengine kila wiki, wanapima mchanga umepanda au umeshuka, wanapiga picha, wanahesabu ndege waliokufa, wengine wanachota maji ya kupeleka maabara. Hawalipwi hata senti. Halafu ikifika siku ya kuamua nani apewe kibali cha kujenga karibu na maji au ukuta wa kuzuia mawimbi uanzie wapi, inaletwa ripoti ya mtu aliyefika pale mara moja na mashine ya bei mbaya, na yale mafaili ya miaka na miaka yanaonekana ni ya wapita njia tu. Sasa nauliza, data za hawa watu ziingie rasmi kwenye maamuzi au hapana?

Mimi nasema ziingie, na sababu yangu kubwa ni kwamba mchanga hautulii. Dhoruba ya usiku mmoja inaweza kubeba mchanga uliojikusanya kwa miezi, halafu mawimbi madogo yanaurudisha kidogokidogo bila mtu kushtuka. Kwa hiyo ukija mara moja kwa mwaka, hata kama kifaa chako kinasoma mpaka sentimita, umeandika habari za siku ile basi. Ukija wiki moja baada ya dhoruba utasema ufukwe unaisha, mwenzako akija mwisho wa msimu wa utulivu atasema pako salama jengeni. Wote mmepima vizuri na wote mmetupoteza.

Mfano upo. Ufukwe wa Narrabeen, Sydney kule Australia, unapimwa kila mwezi tangu 1976, na miaka ya mwanzo yote walikuwa wanatumia fimbo mbili, njia aliyoiandika mtaalamu wa jiolojia ya bahari K.O. Emery mwaka 1961, GPS zimekuja baadaye sana. Huo mlolongo mrefu ndio ulioonyesha kwamba ufukwe ule unajizungusha, upande mmoja unanenepa huku mwingine unakonda, kisha inageuka, na unafuatana na El Niño na La Niña, zile hali za maji ya Pasifiki kupata joto au baridi kuliko kawaida. Hilo ungelionaje kwa kutembelea siku moja? Karibuni, matusi hapana.

Bamvua:
Mkuu mfano wako mwenyewe unakugeuka. Narrabeen walioanzisha ni watu wa chuo kikuu, wana mistari maalum ya kupimia na ratiba isiyoyumba, hao siyo jamaa waliokutana ufukweni Jumamosi wakaanzisha grupu. Sijapinga fimbo, napinga mtu yeyote kushika fimbo.

Na hizo picha ndo usiseme. Watu wanapiga picha ya mstari wa maji leo, wanaweka na ya mwaka jana pembeni, "oneni bahari inavyotula". Haya, ile ya kwanza ilipigwa maji yamekupwa au yamejaa? Ilikuwa bamvua, maji yanapojaa na kukupwa sana, au maji mafu, yanapocheza kidogo tu? Chukua ufukwe uliolala, unashuka mita 1 kwa kila mita 50. Maji yakiwa juu kwa sentimita 20 tu, mstari wa maji umesogea mita 10. Mita kumi wakuu! Na mchanga haujaondoka hata punje. Mtu akipeleka hiyo kwenye kikao cha vibali, wakili wa upande wa pili anamaliza kesi kabla ya chai.

KaaMakini:
@Bamvua hapo kwenye picha uko sahihi ila hiyo hoja imeshapata jibu kitambo. CoastSnap walianza hukohuko Sydney 2017, wanafunga kishikio cha chuma sehemu moja isiyohama, kila anayepita anaweka simu yake palepale anapiga anatuma, muda unajulikana kwa hiyo hali ya maji inajulikana, wanasahihisha ndipo wanachora mstari. Mpigaji hahitaji kujua chochote. Anaweza kuwa mtalii asiyerudi tena maishani na picha yake inafaa vilevile.

Halafu nieleze hizo fimbo maana naona kuna watu wanadhani ni uganga. Mimi napima. Fimbo mbili za urefu sawa, zimechorwa sentimita kuanzia juu kushuka chini, kamba katikati ili umbali usibadilike. Unaanzia kwenye alama isiyohama huko nyuma, msumari kwenye zege au kitu cha namna hiyo. Mwenzako anatangulia upande wa maji, wewe unabaki na fimbo ya nyuma, unainama mpaka ncha ya fimbo yake ilingane na upeo wa macho, pale bahari inapokutana na mbingu, halafu unasoma jicho lako limekata wapi kwenye fimbo yako. Hiyo namba ndiyo mchanga ulivyoshuka kutoka kwako mpaka kwake. Unaandika, mnasogea, mnarudia mpaka maji yanawafika magotini. Kama mbele kuna tuta na yeye yuko juu yako mnageuza, unalinganisha upeo na ncha ya fimbo yako unasoma kwenye yake. Ukijumlisha zote una umbo zima la ufukwe siku hiyo.

Inataka uvumilivu tu. Kukiwa na ukungu upeo hauonekani, mnarudi nyumbani. Fimbo ikizama kwenye mchanga wa majimaji namba inaharibika, na kwa kuwa unajumlisha, kosa la hatua ya tatu unalibeba mpaka mwisho. Sisi tumeweka vibao bapa chini ya fimbo, imesaidia.

Bamvua:
Umesema mwenyewe kosa linabebwa mpaka mwisho 😂 asante kwa ushahidi.

KaaMakini:
Linabebwa mpaka mwisho wa SIKU HIYO mkuu, siyo mpaka mwezi ujao. Mwezi ujao unaanza upya kwenye msumari uleule. Dhoruba inashusha mchanga mita nzima, wewe unanishika kwa sentimita tatu.

Fundi Sampuli:
Naona mnabishana mchanga, mimi nizungumzie maji maana mleta mada kayataja kisha kayapita kama hayapo.

Kwenye maji siungi mkono kabisa kwamba volantia peke yake ndiye afunge au afungue ufukwe. Kipimo cha bakteria aina ya enterococci, wale wa kuonyesha maji yameingiwa na kinyesi, kwa njia ya kawaida ya kuotesha maabara kinachukua kama siku nzima, kwa hiyo jibu unalopata leo ni la maji ya jana na walioogelea wameshaogelea. Sampuli inatakiwa ikae kwenye barafu na ifike maabara ndani ya masaa 6. Nimepokea chupa imeletwa kwenye mfuko wa plastiki, imepigwa jua, na aliyeileta anasubiri asifiwe. Marekani kiwango chao cha maji ya kuogelea ni wastani usiozidi bakteria hao 35 kwa mililita 100, sasa chupa imeshinda kwenye gari, hiyo namba utakayopata ni ya bahari au ya gari?

Na jingine, tuache kuwaambia watu kwamba fimbo zinapima kupanda kwa bahari. Ripoti ya 2021 ya IPCC, jopo la Umoja wa Mataifa la mabadiliko ya tabianchi, inasema bahari kwa wastani wa dunia ilipanda milimita 3.7 kwa mwaka kati ya 2006 na 2018. Fimbo ya KaaMakini inazama zaidi ya hapo akikohoa. Fimbo zinapima mchanga, basi, na huo mchanga kazi yake ni kubwa ya kutosha.

Dada Ngisi:
Jamani mimi shida yangu wala siyo vifaa. Kazi ikishaonekana inafanyika bure bajeti yake inakatwa, hilo halina mjadala popote. Leo mtaifanya data ya volantia kuwa rasmi, kesho ofisi inamwondoa mpimaji aliyesomea kwa sababu "wananchi wanatusaidia".

Na hao wananchi ni akina nani? Maji yakipwa saa kumi na moja alfajiri siku ya kazi nani anaweza kuwa ufukweni na fimbo? Mstaafu, au mwenye nyumba yake hapohapo. Fukwe za watu wenye vibarua viwili hazipimwi, halafu ramani inatoka, kule kwenye watu wa kupima nukta tele, huku kwetu peupe, na mkubwa anasoma peupe kama hakuna tatizo. Hela ya ukuta na ya kurudishia mchanga inaenda wapi? Jibuni wenyewe.

Tena mwenye nyumba hapo ana maslahi. Anataka aonekane anazama ili alindwe, au aonekane yuko salama ili auze.

Mleta mada:
Dada Ngisi umenigusa pabaya, hilo la ramani nyeupe sikuwa na jibu lake tayari na bado sina lote. Ila kwenye maslahi nakukatalia. Mtaalamu anayeandika ripoti ya mwenye hoteli analipwa na nani? Wote wana maslahi, ndo maana ushahidi unapimwa kwa jinsi ulivyokusanywa, siyo kwa usafi wa moyo wa aliyekusanya.

Tazameni COASST, mradi wa volantia unaosimamiwa na Chuo Kikuu cha Washington, Marekani. Ni watu wa kawaida, kila mwezi wanatembea ufukwe wao kutafuta ndege waliokufa. Akimkuta anapima mdomo, bawa na mguu, anapiga picha, anamfunga kitambulisho cha rangi ili mwezi ujao asihesabiwe tena, mtaalamu anahakiki kwa picha. Na kubwa kuliko yote, asipokuta kitu anaandika SIFURI. Lilipokuja lile wimbi la joto la bahari kule Pasifiki ya kaskazini, ndege wa baharini wanaoitwa murre waliokotwa kama 62,000 kati ya kiangazi cha 2015 na masika ya 2016, kuanzia California mpaka Alaska, na watafiti 2020 wakakadiria waliokufa kwa jumla yaweza kufika milioni moja. Sasa bila zile sifuri za miaka ya nyuma ungejuaje kwamba hili siyo la kawaida? Mtaalamu gani angelipwa miaka yote hiyo aende kuandika sifuri?

Kwa hiyo napendekeza zipokelewe rasmi kwa masharti. Ratiba ipangwe mwanzoni, siyo kukimbilia ufukweni baada ya dhoruba tu. Fomu ghafi zihifadhiwe zikiwa na makosa yake. Na mara moja kwa mwaka mwenye GPS apite mstari uleule siku ileile na watu wa fimbo tuone wanapishana kiasi gani. Maji ya kuogelea namwachia Fundi Sampuli, sina ubishi.

Bamvua:
Ratiba sawa, fomu ghafi sawa. Hilo la GPS mara moja kwa mwaka nakataa, si umetuambia mwenyewe hapo juu kwamba mtu wa mara moja kwa mwaka anaandika habari za siku moja? Iwe angalau mara nne, na moja iwe ndani ya wiki moja baada ya dhoruba, na alipwe na ofisi inayotoa vibali, asilipwe na mwombaji.

Dada Ngisi:
Na aanzie kwenye zile nyeupe.

KaaMakini:
Mara nne mimi sina shida. Ila muulizeni kwanza huyo wa ofisi nani anarudishia msumari ukichukuliwa na maji, maana wetu zege lake limeanza kupasuka na barua tulizopeleka hazijajibiwa, na ukiondoka huo bila mtu kuuhamisha kwa vipimo, mafaili yote ya nyuma hayaungani na ya mbele.