Visamaki vyenye mrija tumboni, mfereji wa Osaka: ni ugonjwa?

Mgeni_Osaka: Wakuu, kwenye mfereji wa mashamba ya mpunga huku Osaka nimeona visamaki bapa, sentimita tano hivi. Dume ana wekundu ubavuni, jike ananing'iniza mrija wa kijivu. Ni wagonjwa? Nataka kuwafuga.

FundiTangi: Wazima kabisa, mkuu. Ni Rhodeus ocellatus, Wajapani humwita baratanago. Mrija ule ni wa kutagia. Jike huuchomeka kwenye tundu la kome aliye hai, lile la kutolea maji, anaachia mayai machache na kuuchomoa, kufumba na kufumbua. Dume anamwaga mbegu karibu na tundu la kuvutia maji, kome anazivuta mwenyewe hadi kwenye mashavu yake ya kupumulia. Mayai huanguliwa humo humo, na vifaranga hutoka wiki kadhaa baadaye wakiwa tayari kuogelea. Mimi sijaona samaki wa kupendeza kumtazama kama huyu!

Mgeni_Osaka: Kwa hiyo bila kome hawazaliani?

FundiTangi: Hawazaliani. Na kome ndiye mgumu kumtunza: chakula chake ni vijimea vya majini, maji yakichujwa mno anakufa njaa.

Bint_Mto: Ukiwachoka usiwamwage mtoni, nakuomba. Baratanago wa Kichina waliletwa Japani miaka ya 1940 pamoja na vifaranga vya samaki wa kufugwa, wakachanganyika na wa asili. Wa asili halisi wamebaki mabwawa machache, mengine huko huko Osaka. Angalia mapezi ya tumboni: yakiwa na ukingo mweupe, huyo ana damu ya Kichina.