Alama ya kidole ikikutwa dukani, kesi imekwisha?

MamaSwabra (Busia): Habarini ndugu. Duka la vipuri vya pikipiki lilivunjwa hapa kwetu, na sasa mdogo wangu yuko rumande kwa sababu alama ya kidole chake imekutwa kwenye kioo cha kaunta. Yeye ni fundi wa boda, huingia duka lile kila mara kununua plagi na kebo. Mpelelezi ametuambia alama ya kidole haikosei. Majirani tayari wanamwita mwizi. Ni kweli haikosei?

AfandeMstaafu (Mbale): Pole sana dada. Kazi yangu ilikuwa kupaka poda na kunasa alama kwa utepe. Anayesema haikosei anakosea. Kituoni kidole kinaviringishwa kwenye wino ukucha hadi ukucha, alama inatoka safi. Ya eneo la tukio mara nyingi ni kipande tu, kimeburutika au kimepandana na alama za wengine. Mtaalamu hutazama mistari inapokomea na inapogawanyika, kisha anatoa maoni yake. Ni maoni ya mtu.

Mwaka 2004, baada ya mabomu ya treni Madrid, kompyuta ya FBI, wapelelezi wa Marekani, ilitoa majina ya watu wenye alama zinazofanana na iliyokutwa kwenye mfuko wa viwashi vya mabomu. Wataalamu kadhaa wakakubaliana ni ya Brandon Mayfield, wakili wa Oregon. Akawekwa ndani. Polisi wa Hispania wakampata mwenyewe, Mwaljeria. Marekani iliomba radhi na kulipa dola milioni 2.

Lakini sitakupa tumaini la uongo. Utafiti wa Marekani wa 2011 ulipima wataalamu 169, na makosa ya kumtaja asiye mwenyewe yalikuwa machache mno, kama mara 1 kwa 1,000. Kwa hiyo chukulia kwamba alama ni ya mdogo wako. Swali ni aliiacha lini. Poda haisemi kama ni ya usiku ule au ya wiki iliyopita, na hapo ndipo asiye na hatia anaweza kufungwa.

Wakili_Jinja: Naunga mkono. Wakili wenu aombe ripoti pamoja na picha za alama zote mbili kabla kesi haijaanza kusikilizwa. Aulize pia kama mtaalamu wa pili alizikagua bila kujua jibu la wa kwanza.

MamaSwabra: Asanteni sana, Mungu awabariki. Nimeongea na wakili. Alama iko upande wanakosimama wateja. Droo ya pesa ndiyo iliyovunjwa, na haikupakwa poda kabisa!

AfandeMstaafu: Basi aanzie kwenye hiyo droo. Halafu mwenye duka aulizwe mahakamani kioo kile kilifutwa lini mara ya mwisho, na nani alikifuta.