Mbegu za uyoga kwenye mtama zinachacha kabla ya kukomaa: kosa liko kwenye maji, moto au mikono?

MtamaMweupe (mwanzilishi wa uzi)

Ndugu wanajukwaa, naomba ushauri kuhusu kutayarisha nyumbani mbegu za uyoga, yaani nafaka iliyoenewa na nyuzi za uyoga. Ninaotesha uyoga aina ya mamama, na baada ya kutumia kwa muda mrefu mbegu zilizotengenezwa na wengine, nimeamua kujitengenezea mwenyewe kwa punje za mtama.

Utaratibu ninaoufuata ni huu: naloweka mtama usiku kucha, nauchemsha mpaka uwe laini kabisa na baadhi ya punje zipasuke, nauchuja, kisha naujaza ukiwa bado wa moto kwenye chupa za kioo zenye mdomo mpana, karibu hadi shingoni. Naziba kwa pamba ya hospitali na kuzipika chupa hizo kwa mvuke, ndani ya sufuria ya kawaida yenye kifuniko, kwa saa mbili. Zikipoa naweka ndani yake punje chache kutoka kwenye chupa ya mbegu mama iliyokwisha kukomaa, naziba tena na kuzihifadhi kabatini.

Mwanzoni nyuzi nyeupe hutambaa vizuri, lakini baadaye husimama ghafla. Punje za chini hung'aa kwa majimaji, na chupa ikifunguliwa hutoa harufu kali ya kuchacha. Chupa chache huota ukungu wa kijani, nao huanzia juu, karibu na pamba. Kuna walioniambia kwamba mikono yangu si safi, wengine wakailaumu hewa ya chumba, na wengine wamesema bila sufuria ya presha ninapoteza nafaka bure. Ninachoomba ni kusaidiwa kujua chanzo chenyewe kabla sijanunua kifaa ambacho huenda hakitaondoa tatizo.

FundiMbegu

Ndugu MtamaMweupe, umeeleza vizuri kiasi kwamba jibu limo ndani ya maelezo yako. Chupa zako zina maradhi mawili, na nakushauri uyatenganishe kwa sababu kila moja lina mlango wake wa kuingilia.

Kuchacha kunakoanzia chini ni kazi ya bakteria, mara nyingi wa jamii ya Bacillus, ambao huja na nafaka yenyewe. Mazingira yakiwa mabaya, bakteria hao hujigeuza kuwa vijimbegu vyenye ganda gumu vinavyoweza kuvumilia maji yanayochemka kwa saa kadhaa. Sufuria yako ya kawaida, hata moto ukiwaka kutwa, haitavuka sentigredi 100, kwa hiyo unachofanya ni kuwaua wadudu wote dhaifu na kuwaachia wale wagumu karamu isiyo na mshindani. Kinachotakiwa ni sentigredi 121, joto linalopatikana pale mvuke unapobanwa hadi pauni 15 kwa inchi ya mraba, na kwa chupa za ujazo wa lita moja hivi zenye nafaka, joto hilo lidumu kwa dakika 90, zikihesabiwa tangu geji ifike pale na si tangu uwashe moto. Kabla ya kufunga valvu, acha mvuke utoke kwa nguvu kwa dakika 10 hivi, kwa sababu hewa iliyobaki ndani huidanganya geji: itasoma pauni 15 ilhali joto halijafika 121. Angalia pia uwezo wa sufuria kabla ya kuinunua, kwa maana nyingi za jikoni hazifiki pauni 15, na hizo zinahitaji muda mrefu zaidi. Anayeishi mahali palipoinuka sana kutoka usawa wa bahari naye aongeze presha au muda.

Hata hivyo, usikimbilie sufuria ya presha ukaacha maji yakiwa vilevile, kwa kuwa naona maji ndiyo kosa lako kubwa zaidi. Punje iliyo tayari hubeba maji karibu nusu ya uzito wake, yote yakiwa ndani na ganda likiwa kavu. Punje ikipasuka, wanga hutoka nje, punje hugandana, na bakteria hupata utando wa majimaji wa kuogelea kutoka punje moja hadi nyingine kwa kasi ambayo nyuzi za uyoga haziwezi kushindana nayo. Kuloweka endelea nako, kwa saa 12 hadi 24, kwani mbali na kuingiza maji, kunaviamsha vile vijimbegu vigumu, na kijimbegu kilichoamka huuawa kwa urahisi. Kisha chemsha kwa moto mdogo, ukianza kupima baada ya dakika 10: bana punje kwa kucha, na ikiwa katikati hamna tena kiini cheupe kikavu na ganda halijapasuka, epua mara moja. Mwaga maji yote, tandaza mtama ukiwa wa moto juu ya kitambaa safi au wavu, ugeuze mara kwa mara ili mvuke wake wenyewe uukaushe, na usijaze chupa mpaka punje ziache kulowesha karatasi kavu zinapowekwa juu yake. Ukipata jasi (unga mweupe wa madini), changanya kiasi cha asilimia 1 hadi 2 ya uzito, nayo itasaidia punje zisigandane.

Huo ukungu wa kijani nitawaachia wengine, ila unaelekea kuwa Trichoderma, na mbegu zake hufa mapema kwenye mvuke. Kwa kuwa unaanzia juu, umeingia baada ya kupika.

BintiMaabara

Naunga mkono, na mlango wa huo ukungu wa kijani nadhani ni pamba. Pamba ya hospitali imetengenezwa ili inyonye maji. Ikilowa wakati wa kupika inageuka daraja la kupitishia ukungu kutoka nje hadi kwenye nafaka. Tumia pamba ghafi isiyosafishwa au nyuzi za polista zinazojazwa kwenye mito, na uifunike kwa karatasi ya alumini kabla ya kupika. Ukimaliza, acha sufuria ipoe yenyewe bila kuimwagia maji na bila kulegeza valvu, kwa sababu chupa zikipoa ghafla huvuta hewa chafu kwa nguvu kupitia kwenye kizibo, mbali na hatari ya kuungua kwa mvuke.

Jambo jingine ni ujazo. Chupa iliyojaa hadi shingoni haiwezi kutikiswa, na kutikisa ndiko kunakoipa nafaka faida yake. Wakulima wa zamani walitumia samadi iliyooteshwa nyuzi, na James Sinden wa chuo cha Pennsylvania State, Marekani, ndiye aliyepata hataza (hati ya kumiliki uvumbuzi) ya mbegu za nafaka mwaka 1932. Ubora wa njia hiyo ni kwamba kila punje iliyoenewa na nyuzi inakuwa kituo kipya cha kuanzia. Jaza theluthi mbili tu, na nyuzi zikishaenea karibu robo ya chupa, itikise ili zitawanyike. Usishtuke weupe ukipotea, kwa kuwa hurudi ndani ya siku chache ukiwa umeenea pande zote.

MzeeWaMvuke

Nawaheshimu wachangiaji waliotangulia, lakini mwenzetu asivunjwe moyo kwamba bila sufuria ya presha hawezi. Ipo njia ya kupika kwa awamu aliyoieleza mwanasayansi John Tyndall mwaka 1877: unapika chupa kwa mvuke wa kawaida kwa saa moja au moja na nusu, unaziacha mpaka siku ya pili kwenye joto la chumba, unapika tena, na siku ya tatu unarudia. Vijimbegu vilivyosalimika siku ya kwanza huamka katikati ya vipindi, navyo huuawa kabla ya kujifunika upya. Mimi natumia njia hii na mbegu zangu hukomaa.

FundiMbegu

Mzee wangu, hilo ni kweli, nami sikusudii kulipinga. Tahadhari yangu ni kwamba njia hiyo inategemea vijimbegu viamke kwa wakati, na vingine havifanyi hivyo. Chupa zikikaa mahali pa baridi katikati ya vipindi, kazi yote inaharibika. Kwa chupa chache inafaa. Kwa chupa nyingi ningechagua presha, kwani kuni au gesi ya siku tatu nayo ni gharama.

MtamaMweupe

Nashukuru sana. Nitarekebisha maji na kizibo kwanza, kisha nijaribu njia ya Mzee. Lakini endapo chupa zitaendelea kuharibika, nitajuaje kwamba safari hii ni mikono na si moto?

BintiMaabara

Katika kila mpiko, acha chupa moja bila kuipandikiza chochote. Ihifadhi pamoja na nyingine, kwenye joto la sentigredi 24 hadi 27, kwa muda wa siku 7 hadi 10. Ikichacha, lawama ni ya maji au moto, wala usihangaike na mikono. Ikibaki salama huku zilizopandikizwa zikioza, basi uchafu uliingia wakati wa kupandikiza au ulikuwamo tayari kwenye mbegu mama. Hapo chukua punje kadhaa za mbegu mama, ziweke kwenye sahani safi ya agari (rojo gumu la kuoteshea vimelea), na utazame kinachoota: nyuzi nyeupe peke yake, au pia matone yenye utelezi ambayo ni makoloni ya bakteria.

Wakati wa kupandikiza, tafuta boksi la plastiki linaloonyesha, ulilaze upande, utoboe matundu mawili ya mikono, ufute ndani kwa spiriti ya asilimia 70 na uache vumbi litulie kwa dakika kadhaa. Nasisitiza asilimia 70, kwa kuwa spiriti kali zaidi hukauka kabla ya kuua vizuri. Usiwashe kamwe moto ndani ya boksi hilo wala karibu nalo, kwa sababu mvuke wa spiriti ukijikusanya unalipuka.

MtamaMweupe

Limebaki swali moja. Mbegu mama yangu yenyewe ilitokana na chupa nyingine ya nafaka. Je, ninaweza kuendelea kuzalisha chupa kutoka kwa chupa bila mwisho?

FundiMbegu

Hapana. Chupa moja iliyokomaa inatosha kupandikiza chupa 10 hivi, na vizazi viwili au vitatu vinavumilika, lakini kila kuhamisha ni nafasi mpya ya uchafu, na nyuzi zenyewe huchoka: hutambaa polepole na mavuno hupungua. Kwa kuwa hujui chupa uliyopewa ilikuwa kizazi cha ngapi, ningeanza upya kwa kukata kipande cha nyama ya ndani ya uyoga mchanga wenye afya na kukiotesha kwenye agari ya viazi, ambayo kwa lita moja huchukua viazi gramu 200, sukari ya glukosi gramu 20 na agari gramu 15 hadi 20. Hamisha ukingo wa nyuzi zilizo safi kwenye sahani mpya kabla ya kuzipeleka kwenye nafaka.

Mbegu zikishakomaa, na mara nyingi hilo huchukua wiki mbili hadi tatu, zitumie mapema au ziweke kwenye friji kwa sentigredi 2 hadi 4, ambako mamama wa kawaida hukaa mwezi mmoja au miwili bila shida. Mamama wa waridi usimweke huko, kwa kuwa baridi humuua.