Rodi inashika kwenye kopa, kwenye kondensa ya friji inabanduka

baridi_yabisi
Wakuu, naunganisha bomba la kopa la robo inchi na bomba la kondensa, lile jeusi la nyuma ya friji. Natumia tochi ya mkono ya kikopo cha gesi na rodi bapa za kopa zisizohitaji flaksi (dawa ya kusafisha metali wakati wa kuchomelea). Upande wa kopa rodi inatambaa vizuri. Upande wa kondensa inafanya vidonge, na hata ikishika, bomba likitikiswa kidogo inapata ufa. Moto mdogo au rodi mbovu?

fundi_kapilari
Rodi ni nzima, umeipeleka kusiko kwake. Gusisha sumaku kwenye hiyo kondensa. Ikinasa, ni chuma kilichopakwa rangi. Rodi hizo zina fosforasi, kwa kawaida asilimia 5 hadi 7. Kwenye kopa fosforasi ndiyo inayosafisha, ndiyo maana huhitaji flaksi. Ikikutana na chuma inaacha tabaka gumu linalokatika kirahisi, na kuongeza moto hakusaidii.

Tafuta rodi ya silva (fedha) isiyo na fosforasi wala kadimiamu (moshi wa kadimiamu unaua), ya asilimia 45 au 56, na flaksi yake nyeupe. Ya 56 inayeyuka kati ya nyuzi 620 na 650 hivi, kwa hiyo kikopo kinatosha kwa bomba jembamba ukikinga upepo.

Kwangua rangi sentimita 3 mpaka chuma king'ae, piga msasa pande zote mbili, paka flaksi, usishike tena kwa vidole. Bomba moja liingie ndani ya lenzake sentimita 1. Nafasi kati yao isizidi unene wa karatasi, 0.1 mm. Anza kupasha kopa, maana inasambaza joto haraka, kisha zungusha moto pande zote. Flaksi itachemka nyeupe, halafu itatulia na kuwa angavu. Hapo gusisha rodi upande usio na moto. Iyeyushwe na bomba, si na tochi.

mzee_wa_gesi
Kabla hujawasha chochote soma kibandiko cha kompresa. Kama ni R600a, hiyo gesi inawaka, na mafuta ya kompresa yanaendelea kuitoa hata mfumo ukionekana mtupu. Fungua bomba kwa kikata bomba, kamwe si kwa moto, tena nje, kisha pitisha naitrojeni. Iache itiririke polepole wakati unachomelea, la sivyo masizi ya ndani yataziba kapilari, lile bomba jembamba sana la mfumo. Oksijeni usiitumie kupima presha: ikikutana na mafuta inalipuka.

baridi_yabisi
Sumaku imenasa kweli. Boraksi inaweza kushika nafasi ya flaksi?

fundi_kapilari
Hapana mkuu. Boraksi inayeyuka karibu nyuzi 740, silva itakuwa imeshamwagika kitambo. Na ukimaliza, osha flaksi yote kwa maji ya moto na brashi kabla ya kupima kwa povu la sabuni. Ikibaki inakula chuma, na inaweza kuziba kitundu kikapita kipimo leo, kikavuja baada ya wiki kadhaa.